Pale Kanuni Inapopumzika

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, ukarudi Machi 2010. Aliyekuwepo hahitaji kuhadithiwa: majenereta ya wenye uwezo yananguruma usiku kucha, ndoo zimepangwa foleni kwa kuwa pampu hazisukumi maji, na sisi wa Kikwajuni tumejazana barzani kutafuta upepo. Nilikuwa na miaka 24, na muziki kwangu ulikuwa kitu cha kujaza simu.

Ami yangu alikuwa na redio kaseti ya zamani inayokula mawe manane makubwa. Mawe yenyewe yalikuwa ghali, basi pakawekwa sharti. Kila usiku mtu mmoja alete kaseti moja, ipigwe upande mmoja tu, kisha redio izimwe na yabaki mazungumzo. Kurudisha mkanda nyuma hakukufanywa kwa redio, maana huko ndiko mawe yanakoishia. Kaseti ilitolewa, ikatiwa kalamu ya Bic kwenye tundu, ikazungushwa kwa mkono mpaka mwanzo. Na swali la kufungulia barza lilikuwa lile lile kila siku: "Leo umekuja na nini?"

Tulikuwa wanne, na wa tano dirishani. Ami, ndugu wa baba yangu, aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote. Maalim, jirani yetu, aliyesomesha Kiarabu skuli. Rafiki yangu mmoja aliyekuwa akijifunza fidla pale Dhow Countries Music Academy, kwenye jengo la forodha ya zamani, Mizingani. Na mie. Wa tano ni Bibi, mama yake Ami. Yeye hakutoka barzani. Kiti chake kilikuwa ndani, dirisha liko juu ya vichwa vyetu, na maneno yake yalitushukia kutoka huko bila ya hodi.

Zamu yangu ya kwanza nilikwenda na kaseti ya Ikhwani Safaa, kile kikundi kikongwe cha taarab, iliyorikodiwa kutoka redioni. Nilitaka kuwafurahisha wazee. Mie mwenyewe sikuwa nimewahi kuisikiliza mpaka mwisho. Upande ukaisha, redio ikazimwa. Nikasema, "Nzuri sana."

"Nzuri wapi?" akauliza Ami.

"Yote."

"Yote ni wapi?"

Sikuwa na la kujibu, wala hakunicheka. Akaitoa kaseti, akaizungusha kwa kalamu polepole, akaitia tena. Usiku ule tulivunja sharti kwa ajili yangu, na mawe yale alikuwa ameyanunua yeye. Akanambia nisikilize bashrafu ya mwanzo peke yake, nitafute kitu kimoja tu ninachoweza kukionesha kwa kidole.

Bashrafu, kwa asiyeijua, ni ule muziki usiokuwa na mwimbaji unaofungulia taarab asilia, kabla hajasimama mtu kuimba. Nilizaliwa nikiusikia maharusini, na siku zote nilidhani ni wapigaji wanajipasha moto. Mara ya pili nikasikia kuna kipande kinachorudi. Wanaondoka, wanakwenda mbali, wanarudi pale pale. Wanaondoka tena kwa njia nyingine, wanarudi. Nikasema, "Kuna pahala wanarudi." Maalim akafurahi kana kwamba nimepasi mtihani. Akanieleza kuwa hiyo ndiyo taslimu, na zile safari zinaitwa khana, kwa kawaida nne, na kwamba umbo hilo asili yake Uturuki, likapita Misri, likatufikia sisi. Akanihadithia na habari inayosimuliwa hapa kwetu, ya Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, na namna Ikhwani Safaa ilivyoundwa mwaka 1905. Mimi nilikuwa bado niko kwenye kile kipande kinachorudi. Nilipolala kilikuwa kichwani.

Tangu siku hiyo "nzuri" peke yake haikukubaliwa kutoka kwangu. Nilijifunza kusema: pale nai, ile filimbi ya mwanzi, inapoingia, unasikia mpigaji anavuta pumzi kabla ya sauti. Pale fidla mbili zinapopiga jambo moja lakini moja imechelewa kidogo. Pale mwimbaji anapolikata neno katikati na kuwaachia waitikiaji walimalize. Kuna mtu atasema haya ni mambo ya wataalamu. Si kweli. Bibi hakuwahi kushika chombo maishani mwake, na masikio yake yalitushinda sote wanne.

Kitu kingine nilichokiacha barzani miezi ile ni ubishi wa nani bora, Ikhwani Safaa au wenzao wa Culture Musical Club. Umekula nyakati nyingi za watu katika mji huu. Anayebishana hasikilizi, anangoja rikodi iishe apate kusema.

Ami alikuwa na kaseti moja aliyoileta mara nyingi kuliko zote. Ilikuwa ya dakika 90, imeandikwa kwa wino wa buluu: harusi, Kikwajuni, 1986. Taarab ya nyumbani, imerikodiwa na mtu aliyeiweka redio juu ya meza karibu na wapigaji. Vikombe vinasikika, watoto wanasikika, vigelegele vinaifunika sauti ya mwimbaji kila anapotaja jina la bwana harusi. Siku nilipomgeuzia swali lake, "Nzuri wapi, Ami?", alijibu bila ya kufikiri, "Pale kanuni inapopumzika." Nikapatafuta. Kanuni ina nyuzi zaidi ya 70, zimefungwa tatu tatu, na mpigaji hodari hapumzishi vidole hata pale anapomfuata mwimbaji. Kila palipokuwa na upungufu wa mlio wake nilidhani ndipo. Nikawa namwambia, "Hapa, Ami?" Akitikisa kichwa.

Maalim zake zilikuwa za Umm Kulthum, yule mwimbaji wa Misri. Alituhadithia alivyokuwa kijana, Alhamisi ya kwanza ya mwezi, watu wameizunguka redio wakiitafuta Cairo. Alileta Inta Omri, ile aliyoitungia muziki Abdel Wahab mwaka 1964, na kwa sharti letu la upande mmoja wa kaseti ilituchukua siku mbili kuimaliza. Mstari mmoja anaurudia na kuurudia, kila mara kwa njia nyingine, na watu ukumbini wanapiga ukelele anapofika pale wanapopataka. Maalim alisema wale watu nao wamo katika wimbo, kwani ni wao wanaomfanya aurudie. Nililisikia neno lile nikalikubali kwa kichwa. Lilikuwa halijafika kunakotakiwa.

Umeme ukarudi. Tukawasha mafeni, tukachaji simu, na barza haikuvunjika. Tulipunguza tu, ikawa Alhamisi usiku, na sharti la rikodi moja tukalibakisha ingawa mawe hayakuwa tena na kazi. Mie ndiye niliyelitetea. Nilikuwa nimekwisha kuonja tofauti baina ya kusikiliza kitu kimoja na kupitia vitu arubaini.

Sasa rafiki yangu akaanza kuleta vya chuoni kwake, vya Ulaya, kwenye flashi na spika ndogo. Wa kwanza ulikuwa wa Bach, mtunzi wa Kijerumani: zile suti sita, yaani mafungu ya vipande, za selo, ile fidla kubwa inayopigwa kwa kukaa, amepiga Pablo Casals. Akatueleza kwamba Casals alizikuta noti zake akiwa na miaka 13, kwenye duka la vitu vilivyotumika huko Barcelona, mwaka 1890. Alizifanyia mazoezi miaka na miaka kabla ya kuthubutu kuzipiga mbele za watu. Kurikodi akarikodi baina ya 1936 na 1939, mtu mzima wa kiasi cha miaka 60. Mimi nilikuwa na wasiwasi. Selo moja, hakuna ngoma, hakuna mwimbaji, na nje pikipiki zinapita.

Rafiki yangu akabonyeza. Kabla ya selo kulia, kukatoka ule mchakaricho mwembamba, kama mafuta yanaanza kupata moto kwenye kikaango. Sauti ikatoka dirishani:

"Hiyo sahani."

"Bibi, iko kwenye flashi."

"Ilikuwa sahani. Nasikia sindano."

Alikuwa na haki. Zilirikodiwa kwenye sahani za santuri, zile nzito zinazovunjika. Akanyamaza mpaka kipande kikaisha, kisha akasema mpigaji yule anavuta pumzi kwa upinde. Sijasikia maelezo bora zaidi kuhusu Casals.

Ndipo akatuhadithia za Siti binti Saad. Siti alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi, Bibi alikuwa hajazaliwa, lakini sahani zake zilikuwa bado zinapigwa Ng'ambo utotoni mwake. Nyumba yenye gramafoni ilikuwa moja kwenye mtaa wao. Alikumbuka picha ya mbwa aliyekaa mbele ya tarumbeta la gramafoni. Alikumbuka sindano za chuma zilivyokuwa zikibadilishwa kila upande, kwa sababu ikitumika mara mbili inakula sahani, na mwenye gramafoni akiziweka zile kuukuu kwenye kikopo watoto wasizikanyage. Upande mmoja unachukua kiasi cha dakika tatu, basi. Shairi linakatika, sahani inageuzwa, watu wote wanangoja kimya. "Pale pa kugeuza," alisema Bibi, "ndipo watu walipokuwa wakilia. Siti akiimba hakuna aliyelia, walikuwa wanasikiliza." Nimekwisha kuzisikia rikodi za Siti mara nyingi tangu siku ile, kwenye simu, pande mbili zimeunganishwa bila ya nafasi katikati, na kila mara nakosa pale pa kugeuza ingawa sikuwahi kuwa napo.

Nifike kwenye kosa langu.

Bi Kidude, mwimbaji wetu mkongwe wa taarab, alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Tulikaa barzani siku saba mfululizo tukisikiliza chochote tulichokuwa nacho chake, na katika kutafuta nikafungua kabati la Ami. Kaseti mbili zilikuwa zimeota ukungu mweupe ndani, kama unga. Hali ya hewa yetu haina huruma na mkanda. Nikaingiwa na hofu ya kweli. Nikamwomba anipe zote nizihamishie kwenye kompyuta, akakubali, na nikaanza na aliyoipenda zaidi: harusi, 1986.

Nilifanya kwa bidii. Nilisafisha kichwa cha redio kwa pamba na spiriti. Nilitia waya kwenye tundu la spika za masikioni, nikauleta mpaka kwenye kompyuta, nikaipiga yote mara moja bila ya kusita. Kwenye skrini sauti inaonekana kama mawimbi, na kila kikohozi ni mwiba, kila vigelegele ni kichaka. Nikaanza kupalilia. Ile programu unaionesha kipande kidogo cha mvumo wa mkanda mtupu, inaujua, inauondoa kote; ukizidisha, waimbaji wanakuwa kama wako ndani ya mtungi wa maji. Sikuzidisha. Nilikesha siku nne. Vikombe nikavitoa, na watoto vilevile. Baina ya wimbo na wimbo, palipokuwa na watu wanazungumza na wapigaji wanafunga nyuzi, nikakata pote na kuunganisha. Dakika 90 zikabaki 58. Kila nilipomaliza nikihifadhi juu ya ile ile ya mwanzo, ili nafasi isijae. Na kaseti, wakati nairudisha nyuma kwa mwendo wa haraka, ilikatika mkanda na kujisokota ndani. Nikaitazama, nikasema kazi yake imekwisha, nikaitupa.

Alhamisi nikaileta. Ami akafumba macho kama kawaida yake. Wimbo wa kwanza ulitoka safi, nami nilijaa furaha. Wa pili. Wa tatu ulipoanza akafumbua macho akaitazama spika.

"Imepita?"

"Nini, Ami?"

"Pale."

"Muziki wote umo, Ami. Nimetoa makelele tu."

Akangoja kidogo. "Kaseti iko wapi?"

Nikamwambia. Akasema, "Haya." Akachukua kofia yake akaingia ndani, na wimbo unaendelea.

Asubuhi Bibi aliniita. Aliniweka kitako mbele yake, akanieleza kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Mke wa Ami alifariki mwaka 1998. Kwenye kaseti ile, baina ya wimbo wa pili na wa tatu, wapigaji wametua, yeye anapita karibu na redio akiwa na sinia, na anasema, "Mpeni maji mpiga kanuni, tangu magharibi hajanywa kitu." Maneno hayo tu. Picha zake Ami anazo. Sauti alikuwa nayo hiyo moja.

Mimi maneno yale nilikuwa nimeyasikia mara kumi au zaidi pale barzani, na siku ya kuyakata nilikuwa nimeyaona kwa macho yangu kwenye skrini, kilima kidogo baada ya vikombe. Nilipatafuta pale kanuni inapopumzika miaka mitatu na zaidi ndani ya wimbo.

Ami hakunigombeza, si siku ile wala baadaye. Lakini hakukaa barzani wiki sita. Nilikwenda kumwomba radhi, akanisamehe kwa maneno, na kiti chake kikabaki kitupu.

Aliporudi ilikuwa zamu ya rafiki yangu. Alileta Bach mwengine, ile aria yenye mageuzi 30 inayoitwa Goldberg, na kwa mara ya pili tukavunja sharti, kwani alileta rikodi mbili za mtu mmoja. Glenn Gould, Mkanada, aliipiga kwa piano huko New York mwaka 1955 akiwa na miaka 22. Akairudia mwaka 1981 akiwa na miaka 48, na mwaka uliofuata akafariki. Ya kwanza ina dakika 38 na kitu, ya pili 51. Ile aria ya mwanzo, ujanani haifiki dakika mbili. Utu uzimani inapita tatu. Noti zile zile. Kijana anakwenda kama mtu anayejua wapi anakwenda. Yule wa pili anaiweka noti, anaitazama, ndipo anatafuta nyingine.

Na chini ya piano kuna mtu anaguna. Anaimba hasa, chini kwa chini, nyuma kidogo ya muziki.

"Nani huyo?" akauliza Maalim.

"Ni yeye mwenyewe mpigaji," rafiki yangu akasema. "Hakuweza kupiga bila ya kujiimbia."

Mikono yangu ilikuwa magotini na sikuweza kuinua uso. Ami ndiye aliyeuliza, "Na wakaitoa hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

"Wamefanya vizuri," akasema Ami. Akanisogezea kikombe cha kahawa.

Siku hizi watu wa mtaani wananiletea kaseti niwahamishie, na wengine wanatoka shamba. Naipiga tangu mkanda mtupu wa mwanzo mpaka unapoisha wenyewe mwisho, na sikati hata chafya. Nakala ya kwanza haiguswi. Nikitaka kusafisha nasafisha nyingine, nayo naiandika kuwa imesafishwa. Kaseti hairudi nyuma kwa mwendo wa haraka, na hata ikifa inarudi kwa mwenyewe. Na kabla ya yote namuuliza mwenye kaseti: nzuri wapi? Jibu naliandika kwenye karatasi, naliweka ndani ya kasha. Bibi mmoja wa Makunduchi alinijibu kwamba yake ni nzuri pale jogoo anapowika. Nikaweka alama ya dakika.

Bibi yangu hayupo tena, Mungu amrehemu. Dirisha tunaliacha wazi. Maalim haoni vizuri lakini Umm Kulthum bado anakuja naye. Rafiki yangu anasomesha watoto fidla, na sasa amerudi kwa Casals, suti ya pili. Anasema ujanani aliipitia mbio.

Mwaka jana binamu yangu wa Chake Chake alinipa kasha la kaseti kutoka nyumba ya jamaa zetu. Moja ilikuwa ya harusi ya huko Pemba, 1989, na nikakumbuka Ami kasema walihudhuria yeye na mkewe. Niliisikiliza usiku mzima, dakika kwa dakika. Mwisho wa upande wa pili, wapigaji wanafunga vyombo, mwanamke anacheka karibu na redio na kusema, "Basi tena, jahazi halingoji mtu." Sikulala.

Asubuhi nikampelekea Ami kaseti yenyewe pamoja na ile redio yake kubwa. Masikio yake yamepungua nguvu. Ilibidi nimsogezee spika mpaka karibu na shavu. Nikaianza mbali kidogo, apate kusikia na nyimbo. Kicheko kikaja. Maneno yakaja. Mkanda ukaisha, kitufe kikajifyatua.

"Si yeye," akasema.

Nikanyoosha mkono niitoe kaseti. Akanitangulia. Akaitoa mwenyewe, akatafuta kalamu kwenye mfuko wa kanzu, akaitia tunduni, akaanza kuizungusha.